Je, Wajua? Jikoni Bila Tone la Mafuta

Mafuta yana kazi tatu kwenye sufuria: kupeleka joto kali kwenye chakula, kubeba harufu ya viungo, na kuzuia chakula kisishike chini. Ukiyaacha dukani, kazi hizo hazifutiki. Lazima zipate mfanyakazi mwingine. Habari njema ni kwamba wafanyakazi hao wamo nyumbani mwako tayari.

MAFUTA YENYEWE

Je, wajua kwamba gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4 tu? Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia hubeba kama kalori 120. Anayemimina kutoka kwenye dumu bila kupima huweka vijiko vinne bila kushtuka, na tayari karibu kalori 500 zimo sufuriani kabla hata ya nyanya.

Je, wajua kwamba kiazi mviringo kibichi hakifikishi hata nusu gramu ya mafuta katika gramu 100, lakini kikishakuwa chipsi hufika kama gramu 15? Maji ya kiazi hutoka kama mvuke, na mafuta huingia kwenye nafasi zilizoachwa.

Je, wajua kwa nini biringanya humaliza mafuta yote ya kikaango na bado likaonekana kavu? Nyama yake imejaa vijishimo vya hewa. Lipike kwanza kwa mvuke au kwenye maikrowevu mpaka linywee. Vijishimo vikishaporomoka, ulafi huo umekwisha.

Je, wajua kwamba nchini Marekani bidhaa huruhusiwa kuandikwa "haina mafuta" hata kama ina kiasi kidogo, mradi kisifike nusu gramu kwa mlo mmoja? Anayekula kiasi cha milo minne kwa mkupuo, hesabu ni yake.

Je, wajua kwamba tui la nazi halina lehemu, yaani kolesteroli, ya kuhesabika, kama ilivyo kwa vyakula vyote vya mimea, lakini mafuta yake mengi ni ya aina inayoganda, ile ambayo madaktari wa moyo hushauri tuipunguze? Mchicha wa nazi ni mboga safi ya majani, ila usiuite chakula kisicho na mafuta.

Je, wajua kwamba ugali, makande, githeri isiyokaangwa na viazi vya kuchemsha havijawahi kuhitaji mafuta? Makande yana siri nyingine: protini ya mahindi ina upungufu wa kirutubisho kiitwacho laisini, ambacho maharage yanacho kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi hujaliza.

Je, wajua kwamba katika siku kali za mfungo, Waorthodoksi wa Ugiriki huacha nyama, maziwa, mayai na hata mafuta ya zeituni? Tena hao ni watu wa nchi iliyojaa mizeituni.

KUKAANGA KWA MAJI

Je, wajua kwamba kitunguu hugeuka rangi ya kahawia bila tone la mafuta? Bandika flampeni kavu kwenye moto wa wastani, tia kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba pamoja na chumvi kidogo. Mwanzoni kitatoa maji yake chenyewe. Maji hayo yakikauka, utando wa kahawia utaanza kushika chini. Usikimbilie kuzima jiko; utamu wenyewe ndio huo. Mwagia kijiko kimoja cha maji, kwangua kwa mwiko, na utando utayeyuka na kurudi kwenye kitunguu. Acha ukauke tena, mwagia tena, mpaka rangi ikuridhishe. Ndipo ulete nyanya.

Je, wajua kwa nini kitunguu kilichochemshwa hubaki cheupe? Mabadiliko ya rangi na harufu ambayo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912 hushika kasi joto likipita nyuzi 140 hivi. Maji ya kuchemka hayavuki 100. Ndiyo maana kwenye flampeni maji yanatiwa kijiko kimoja kimoja: yakizidi, umechemsha.

Je, wajua kwamba viungo vizima havihitaji mafuta ili vitoe harufu? Tia binzari nyembamba na giligilani kwenye kikaango kikavu, tikisa dakika moja au mbili, epua pale tu harufu inapojaa jikoni, kisha twanga. Ukichelewa kidogo tu vitakuwa vichungu.

Je, wajua kwamba kitunguu saumu kizima hakina ule ukali tunaoujua? Kemikali yake iitwayo alisini hutengenezwa pale kinapopondwa. Kiponde, kiache kama dakika kumi, ndipo ukitie motoni. Katika chakula kisicho na mafuta, kila chembe ya ladha ina thamani.

Je, wajua kwamba utando wa vikaango visivyoshika uligunduliwa kwa bahati? Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont, alikuwa akifanya utafiti wa gesi za majokofu mwaka 1938 alipokuta gesi yake imegeuka unga mweupe unaoteleza. Unga huo ndio ulioitwa Teflon. Kikaango cha aina hii ni rafiki wa asiyetumia mafuta, lakini kina sharti: kisiachwe kitupu kwenye moto mkali. Kikipita nyuzi 260 hivi, utando huanza kuharibika, na moshi wake unaweza kuua ndege wa kufugwa ndani ya nyumba.

VIFAA NA SIRI ZAKE

Je, wajua kwamba presha kuka ni ya mwaka 1679? Mfaransa Denis Papin aliionyesha London, tena kazi yake ya kwanza ilikuwa kulainisha mifupa. Leo mteja wake mkuu ni maharage. Presha huzuia maji yasichemke mapema, hivyo joto hupanda mpaka karibu nyuzi 120, na maharage yaliyolowekwa huiva ndani ya nusu saa badala ya saa mbili.

Je, wajua kwamba mpishi wa Nairobi ana haki ya kulalamika kuliko wa Dar es Salaam? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharage yaleyale, sufuria ileile, muda mrefu zaidi. Kwa watu wa nyanda za juu, presha kuka ni akiba ya gesi na ya mkaa.

Je, wajua jinsi sufuria ya umeme ya wali inavyojua kuwa wali umeiva? Haijui. Inachojua ni joto tu. Maji yakiwamo, joto la chini ya sufuria hukaa karibu na nyuzi 100. Mchele ukishayanywa yote, joto hupanda ghafla. Katika sufuria za kawaida, sumaku iliyo chini hupoteza nguvu na swichi inaruka, "tak!" Toshiba ya Japani iliuza ya kwanza iliyojizima yenyewe mwaka 1955. Dengu, ngano na mtama pia huiva humo, na ukiweka chujio lenye kabeji juu, mvuke wa wali unapika mboga bure.

Je, wajua kwamba maikrowevu ilitokana na peremende ya chokoleti iliyoyeyuka mfukoni? Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon alikuwa karibu na mtambo wa rada mwaka 1945. Oveni ya kwanza kuuzwa, mwaka 1947, ilikaribia urefu wa mtu mzima na kuwa na uzito wa kilo 340 hivi. Ya leo huivisha mchicha kwa dakika chache na vijiko viwili vya maji, na vitamini C hupona zaidi kuliko kwenye sufuria ya maji mengi ambayo baadaye yanamwagwa. Kiazi kizima kitoboe kwa uma kwanza, la sivyo kitapasuka.

Je, wajua kwamba kiazi kitamu cha oveni hushinda cha maikrowevu kwa utamu? Ndani yake mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, nacho hufanya kazi kiazi kikiwa kati ya nyuzi 57 na 75 hivi. Oveni hupita hapo polepole. Maikrowevu hupita mbio.

Je, wajua kwamba ile mashine ya "kukaanga kwa hewa" haikaangi? Ni oveni ndogo yenye feni kali. Philips iliiingiza sokoni mwaka 2010. Mihogo na viazi hutoka na ganda kavu bila mafuta, mradi uvikaushe kwa kitambaa na usivirundike; hewa ikikosa njia, unapata viazi vya mvuke.

Je, wajua kwamba blenda inaweza kushika nafasi ya tui? Chota upawa mmoja wa maharage yaliyoiva pamoja na supu yake, saga, rudisha sufuriani: wanga wake utafanya mchuzi uwe mzito. Tahadhari moja: kitu cha moto kijazwe nusu tu ya jagi, tundu la kifuniko liwe wazi na lifunikwe kwa kitambaa. Mvuke uliofungiwa huruka na kifuniko.

MAHARAGE, MFALME WA JIKO HILI

Je, wajua kwamba maharage mekundu manne au matano mabichi yanaweza kukutapisha? Yana sumu ya asili ambayo huondoka yakichemka sawasawa. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani wanataka yalowekwe saa tano, maji yamwagwe, kisha yachemke dakika 30. Hatari iko kwenye sufuria za umeme zinazopika kwa moto mdogo kutwa nzima: joto lisilofika kuchemka huweza kuizidisha sumu hiyo. Yachemshe jikoni kwanza, ndipo uyahamishie humo.

Je, wajua kwa nini bibi hatii nyanya kabla maharage hayajaiva? Uchachu huyafanya maganda yabaki magumu. Magadi hufanya kinyume, hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1. Kuloweka usiku kucha hakuna gharama hiyo.

Je, wajua kwamba ndimu inayokamuliwa juu ya maharage husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo, na chai inayonywewa papo hapo huyazuia? Chai isubiri saa moja.

KABLA HUJATUPA DUMU

Je, wajua kwamba mwaka 1990 daktari wa Marekani Dean Ornish na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti wa wagonjwa wa moyo waliokula mlo usio na nyama, wenye mafuta machache mno, na mishipa yao ikaonyesha nafuu? Ila wagonjwa hao pia walifanya mazoezi, waliacha sigara na walijifunza kupunguza mawazo. Sifa zote zisiende kwa sufuria.

Je, wajua kwamba mimea haikupi vitamini B12 ya kutegemea? Asiyekula nyama wala samaki aipate kwenye maziwa, mayai, vyakula vilivyoongezewa au vidonge.

Je, wajua kwamba vitamini A, D, E na K huhitaji mafuta ili zifyonzwe? Rangi ya manjano iliyofichwa ndani ya mchicha, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hupita tumboni bila faida kubwa ikikosa mafuta kabisa. Wataalamu wa FAO na WHO wanataka watu wazima wengi wapate angalau asilimia 15 ya nguvu zao kutoka kwenye mafuta, na watoto wadogo wanahitaji zaidi ya hapo, hivyo mlo huu si wao. Pika mchicha wako bila mafuta, kisha uule na kipande cha parachichi au konzi ya karanga.