Butembo: SSD inaweza kuamsha ordinatere ya zamani, lakini uliza mbele ya kulipa

Unawasha ordinatere asubuhi, unakwenda kunywa chai, unarudi: bado haijafunguka. Katika komine ya Vulamba, muji wa Butembo, na kule Beni, wanafunzi wanaoandika kazi ya kumaliza masomo na wenye maduka ya kuchapa na fotokopi wanajua taabu hiyo. Wengine wanasema mashini imekufa, wanaanza kutafuta pesa za ingine. Lakini mara nyingi kinachochelewesha ni kitu kimoja: disiki.

Disiki ya zamani ina sahani zinazozunguka, katika ordinatere nyingi za kubeba mara 5400 kwa dakika, na kichwa kinachotafuta maandishi juu yake. SSD haina kitu kinachozunguka. Inasoma upesi, tena inavumilia mutikisiko wa pikipiki.

Shida inaanzia dukani. Kuna SSD za aina mbili. Ile ya SATA ni kisanduku bapa, sawa na disiki ya zamani ya ordinatere ya kubeba. Ile ya NVMe ni ya kisasa na ya mbio zaidi. Ni kibao chembamba cha upana wa milimetre 22. Mashini yenye nafasi ya SATA tu haitaiona hata kidogo. Na umbo linadanganya: kuna vibao vya namna hiyo hiyo ambavyo ni vya SATA. Soma maandishi yaliyo juu yake, usinunue kwa macho.

Mbele ya kulipa, fundi afungue mashini, atoe disiki ya zamani, muende nayo dukani. Kama SSD ni ya SATA 3 na mashini ni ya SATA 2, usiogope: itafanya kazi, lakini haitapita megabaiti 300 kwa sekunde. Bado itaacha mbali disiki inayozunguka. Kama inachezacheza ndani ya nafasi yake, ni kwa sababu disiki nyingi za zamani zina unene wa milimetre 9.5, na SSD nyingi zina 7. Kifremu kidogo cha plastiki kinatosha.

Kitu cha kuogopa zaidi ni kupoteza kazi yako. Kwanza nakili kazi yote kwenye flashi. Jaza betri mbele ya kuanza, sababu umeme ukikatika katikati, nakala inaweza kubaki nusu. Na fundi asifute disiki ya zamani siku hiyo. Ikiwekwa ndani ya kisanduku cha USB, itakutunzia nakala.

Fundi akimaliza, usiondoke haraka. Zima mashini, iwashe tena, fungua kazi zako mbele yake. Ukiziona zote, hapo ndipo umulipe.