Mzee kapata kiharusi, mbona maabara wanataja moyo?

Siku hizi ndugu yetu akilazwa Bujumbura, picha ya karatasi ya maabara hutufikia huku ughaibuni kabla hatujajua yuko wadi gani. Mzee wa mtaa wa Buyenzi kapooza upande wa kulia, mdomo umekwenda kando, daktari kaandika AVC, yaani kiharusi. Chini ya sukari na kreatinini kuna mstari: troponine, 41, na alama kwamba imepita kiwango. Hapo simu zinaanza: "Kumbe ni moyo! Mbona wanamtibu kichwa?" Wengine wanataka ahamishwe usiku huohuo.

Naomba tutulie kwenye mstari huo, maana hofu yake inagharimu familia pesa nyingi.

Troponini ni protini ya ndani ya misuli ya moyo. Seli za moyo zikiumia, huvuja ikaingia kwenye damu. Kwa kipimo cha kisasa cha troponini T, mpaka wa juu ni nanogramu 14 kwa lita. Mwenye mshtuko wa moyo huuvuka, lakini hata mgonjwa wa kiharusi anaweza kuuvuka bila mshipa wowote wa moyo kuziba. Ubongo ulioumia huamsha neva na kumwaga adrenalini nyingi, na moyo ukaumizwa na mafuriko hayo. Figo zilizochakazwa na presha ya miaka mingi nazo hupandisha namba.

Madaktari wa Charité, Berlin, waliwahi kupiga picha mishipa ya moyo ya wagonjwa 29 wa kiharusi wenye troponini ya juu, wakawalinganisha na wagonjwa 29 wa mshtuko wa moyo. Mshipa wa moyo uliosababisha tatizo ulionekana kwa 23 wa kundi la moyo, na kwa 7 tu wa kundi la kiharusi. Saba hao hawapuuziki. Ndiyo sababu daktari hupima umeme wa moyo, yaani ECG, na kurudia troponini baada ya muda wa saa tatu hivi. Namba ikiruka, moyo unashukiwa; ikitulia palepale, huenda ni madhara ya zamani. Ninachowasihi sana: msimshinikize daktari ampe mzee dawa nzito za kuzuia damu kuganda kabla ya skana ya kichwa. Kama kiharusi ni cha kuvuja damu, dawa hizo zinaweza kumuua.

Hata hivyo namba hiyo si ya bure. Wagonjwa wa kiharusi wenye troponini ya juu hufariki zaidi, na wanaopona hubaki na ulemavu zaidi. Wanahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Kipimo kingine ni NT-proBNP, ambacho hupanda kuta za moyo zikivutwa na mzigo wa damu. Kikiwa juu, daktari hushuku moyo unaopiga ovyo, au valvu zilizoharibika tangu utotoni kwa homa ya baridi yabisi, na bonge la damu lililotoka huko likapanda kichwani. Ila utafiti wa ARCADIA, uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa 2024, uliwapa wagonjwa wa kiharusi wenye dalili kama NT-proBNP ya juu, ila moyo unaopiga ovyo haujaonekana kwao, apixaban (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini. Viharusi vipya vilikuwa sawa, asilimia 4.4 kwa mwaka pande zote mbili. Kipimo peke yake hakitoshi kumbadilishia mtu dawa. Lazima moyo unaopiga ovyo uonekane kwenye ECG, au valvu zionekane mbovu.

Tusisahau presha, maana ndiyo inayoleta viharusi vingi. Utafiti wa Tanzania wa 2003 hadi 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai. Buyenzi nayo ni mjini. Fundi wa gereji asiye na bima ya Mutuelle hununua vidonge vya presha mwezi huu, mwezi ujao anaacha kwa kuwa kichwa hakimuumi. Kwa hiyo tukichanga, skana kwanza, kisha ECG na troponini ya pili, halafu ibaki pesa ya vidonge vya presha vya mwaka mzima, avipate mzee na wanawe waliokwisha kupimwa wakakutwa nayo.