Pindi ulimi unapokwama katika dua

 

Ndugu Waislamu, yuko mtu ambaye huinua mikono baada ya swala akabaki ameiinua tu. Mgonjwa wake yu wodini siku ya ishirini, au amezika jana. Dua alizohifadhi tangu chuoni hazimjii, na hata kwa Kiswahili chake haoni pa kuanzia. Hujipangusa uso akaondoka, huku nafsi ikimnong'oneza kwamba leo hakuomba kitu. Makala haya ni kwa ajili yake.

Katika Sura Twaha, aya ya 7, Mwenyezi Mungu (SW) anatufahamisha kuwa anayajua ya siri na yaliyofichika zaidi kuliko siri. Wafasiri wamesimama sana hapo. Siri ni lile unalolificha nafsini; basi ni lipi lililofichika kuliko hilo? Miongoni mwa waliyoyasema ni kwamba ni lile ambalo mwenyewe bado hujalijua kuwa limo ndani yako. Haja usiyoweza kuitamka imekwisha kujulikana Kwake kabla hujaitafutia jina.

Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kwamba Mtume (SAW) alimuuliza mtu mmoja husema nini ndani ya swala yake. Akajibu kuwa husoma tashahudi, kisha humwomba Mwenyezi Mungu Pepo na kujikinga Kwake na Moto. Ama ule mnong'ono wa Mtume na wa Muadh yeye hauwezi vizuri. Mtume (SAW) hakumkemea. Alimwambia kuwa mnong'ono wao nao huzunguka hayo hayo.

Wako pia wanaonyamaza kwa kuwa Kiarabu hawakijui. Nje ya swala, dua kwa Kiswahili haina tatizo. Hitilafu ya wanazuoni iko ndani ya swala. Vile vitabu vidogo vya dua vinavyouzwa milangoni mwa misikiti ni hazina, nami sitembei bila changu, lakini havikuandikwa ili asiye navyo ajione hana wa kumwambia.

Lipo tukio zito zaidi, alilolisimulia Bibi Aisha (RA) mwenyewe, nalo limo katika Bukhari na Muslim. Katika kurejea kutoka vita vya Banu Mustaliq alikwenda kuutafuta mkufu wake uliokatika, msafara ukaondoka ukidhani yumo ndani ya kibanda chake cha juu ya ngamia. Safwan bin Muattal (RA), aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta, akampandisha ngamia wake na kumwongoza hadi wakalifikia jeshi. Wanafiki wakapata la kusema. Mwezi mzima Madina ilivuma uzushi, na wahyi haukushuka juu ya jambo lake.

Kwa wazazi wake alilia usiku, na mchana, na usiku tena, hata akadhani kilio kitampasua ini. Mwanamke mmoja wa Kiansari alibisha hodi, akakaa, akalia pamoja naye. Hatukusimuliwa kwamba alisema neno. (Laiti nasi tungefanya hivyo tunapokwenda kuhani misiba!)

Mtume (SAW) akaja, akamwambia kuwa ikiwa hana hatia Mwenyezi Mungu atamtakasa, na ikiwa ameteleza basi aombe msamaha. Machozi yakakatika papo hapo, asihisi hata tone. Akamtaka baba yake, Abubakar Siddiq (RA), amjibu Mtume. Abubakar akasema hajui aseme nini. Akamgeukia mama yake, Ummu Ruman (RA). Naye vivyo hivyo.

Ikabidi aseme mwenyewe. Akieleza kuwa hana hatia hawatamsadiki, na akikiri asilolitenda watamsadiki. Akataka kupiga mfano wa Nabii Yakub (AS), aliyeshika subira njema na kumtaka Mola msaada alipopotelewa na mwanawe. Katika mojawapo ya riwaya anasema alilitafuta jina la Yakub lisimjie, akamtaja kama baba yake Yusuf. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi kabla ya kuliona hilo la jina. Kisha akageuka, akajilaza kitandani.

Alichobaki nacho ni yakini kwamba Mola anajua hana hatia na atamtakasa. Namna hakuijua: alijiona mdogo mno hata aya ziteremshwe kwa ajili yake, akatumaini labda Mtume ataoteshwa. Wala tusidanganyane, si kila mgonjwa tunayemlilia atainuka. Nabii Yakub alingoja miaka, macho yake yakawa meupe kwa huzuni.

Hajatoka mtu nyumbani humo, wahyi ukashuka: aya za Sura An-Nur, kuanzia ya 11. Jasho lilimtiririka Mtume (SAW) mfano wa lulu, na siku ilikuwa ya baridi. Hali ile ilipomwondokea alikuwa akicheka, na neno lake la kwanza lilikuwa bishara kwamba Mwenyezi Mungu amemtakasa. Mama yake akamwambia asimame amwendee. Bibi Aisha (RA), ambaye punde tu hakuwa na jina la Yakub ulimini, akaapa kwamba hatasimama, wala hatamhimidi yeyote isipokuwa Mwenyezi Mungu (SW).