Usilipie programu ya kikundi kabla hujachora maziwa yanavyotembea

Vijana wenzangu wa maziwa, siku hizi kikundi kikianza kukusanya lita za kueleweka tu, anatokea mtu na kompyuta anauza programu. Wengine ni wazuri na kazi yao wanaijua. Shida inaanzia kwetu. Tunamwambia "tunataka mfumo wa maziwa", tunampa malipo ya awali, tunarudi kwa ng'ombe. Naye anabaki kukibuni kikundi chetu kichwani mwake.

Kabla ya kuandika programu yenyewe, kuna kazi ya kuchora biashara: nani anafanya nini, anamkabidhi nani, kipi kinaandikwa, pesa inapita wapi. Kampuni ya Rational ya Marekani, iliyonunuliwa na IBM mwaka 2003, iliifanya kazi hiyo kuwa hatua kamili katika utaratibu wake wa kutengeneza programu. Ila haifanywi kwa kiwango kimoja kila mahali. Unaipunguza au kuiongeza kulingana na mradi, kama fundi cherehani anavyompima mteja kabla ya kukata kitambaa. Vikundi vingi ama havichori kabisa, ama vinauziwa kitabu kizima cha michoro kwa kazi ya daftari moja.

Kwa hiyo swali la kwanza si "programu bei gani". Jiulizeni: hii programu inakuja kubadilisha nini?

Kama inachukua nafasi ya daftari tu, na utaratibu mwingine wote unabaki ulivyo, hamhitaji michoro mingi. Mnahitaji kukubaliana maana ya maneno. Msicheke, hapa ndipo pesa inapotelea. Chukueni mfano wa kituo kinachopokea lita 500 kwa siku. Lita moja ya maziwa ina uzito wa karibu kilo 1.03, kwa hiyo kwenye mzani hizo lita 500 zitasoma kama kilo 515. Karani anapima kwa mzani, programu imeandikwa "lita", na yeye anajaza 515. Tayari mna lita 15 za hewa kila siku. Kwa mwezi ni lita 450, na kama bei ni shilingi 1,000 kwa lita, kikundi kinawalipa wanachama shilingi 450,000 ambazo mnunuzi hatazilipa. Programu haijakosea hata kidogo, imejumlisha ilichopewa. Mtaanza kumshuku karani, kumbe hakuna aliyekaa chini kuandika kwamba hapa kwetu "kiasi" ni kilo au ni lita.

Fanyeni hivyo hivyo kwa maneno mengine: mwanachama, maziwa yaliyokataliwa, makato, siku ya malipo. Karatasi moja inatosha.

Kama programu inabadilisha utaratibu wenyewe, hapo choreni kwa kina, hata kama itachukua wiki mbili. Mfano ni kuacha kulipana taslimu kikaoni na kuanza kulipa moja kwa moja kwenye simu.

Mnaijua M-Pesa, lakini mwanzo wake wengi hawaujui. Mwaka 2005 Kenya, majaribio yalianza pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lengo likiwa wakopaji wa vikundi walipe marejesho kwa simu. Simu zilifanya kazi. Lakini kuoanisha miamala hiyo na vitabu vya taasisi kukawa kazi ngumu, na mtu anayelipia nyumbani hakuona sababu ya kuhudhuria kikao, wakati mikopo ya vikundi inasimama juu ya watu kukutana. Wakati huo huo wateja walikuwa wameanza kuitumia kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilikuja kama huduma ya kutuma pesa. Wale walikuwa na uwezo wa kugeuza mradi mzima baada ya majaribio. Kikundi chenu hakina.

Turudi kwenye maziwa. Mkichora malipo ya simu, fuateni dumu moja tangu zizini. Nani amekamua? Nani amelibeba mpaka kituoni? Limeandikwa jina la nani? Mara nyingi mama ndiye anayekamua na kuleta, namba ya uanachama ni ya baba. Malipo yalipokuwa taslimu, mama aliyekuja kikaoni alipokea mkononi na ada ya shule ikatoka humo. Programu ikiletwa inatuma pesa kwenye simu ya mwenye namba, basi. Hakuna aliyepanga kumnyang'anya mama pesa yake, lakini ndicho kitakachotokea, na miezi miwili baadaye maziwa yake yanaanza kwenda kwa mchuuzi wa barabarani anayelipa papo hapo. Mtaalamu wa kompyuta hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Amueni wenyewe, kikaoni, kina mama wakiwepo, kama kila mwanachama ataruhusiwa kuandikisha mpokeaji mwingine.

Kama mnanunua programu iliyokwisha tengenezwa, msichoshwe na michoro. Orodhesheni mambo yenu ya kipekee, kama maziwa yaliyogandia kwenye kipimo cha alkoholi au mtu aliyekopa pumba kwa makato ya awamu tatu, halafu mwambieni muuzaji ayaingize mbele yenu. Akianza kusema "hilo tutaliongeza baadaye", bei iandikwe leo.

Kuchora kwenyewe hakuhitaji kompyuta. Karatasi ya manila na kalamu nene zinatosha. Mleteni huyo mtaalamu kituoni saa 12 asubuhi, asimame na karani mpaka keni ya mwisho ifungwe. Kumhoji mwenyekiti peke yake hakutoshi, maana mwenyekiti atamweleza kazi inavyotakiwa kuwa, na karani ndiye anayejua inavyokuwa.

Mkishaanza kuitumia, endesheni daftari na programu sambamba kwa vipindi viwili vya malipo. Kwenye mkataba, awamu ya mwisho ya fundi ilipwe siku ambayo jumla za pande zote mbili zimelingana kwa kila mwanachama, na karani amesaini.