Kifafa Kinachoanza Ukubwani Huenda Kimetokana na Tegu, na Kinatibika

Mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa anaanguka ghafla shambani, anatetemeka mwili mzima, kisha anazinduka bila kukumbuka lolote. Nyumbani maneno yanaanza: amerogwa, ana mapepo, ni laana ya ukoo. Miezi inapita akitafutiwa tiba huku na kule, kumbe tatizo ni mabuu ya mnyoo yaliyojificha ndani ya ubongo wake.

Ugonjwa huu, ambao kitaalamu unaitwa nyurosistiserikosisi, unaweza kuua usipotibiwa. Hata hivyo, wagonjwa wengi wanaofika hospitalini mapema hupata nafuu na kurejea kazini.

Mabuu hufikaje ubongoni?

Chanzo ni tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye mabuu ambayo haijaiva vizuri, tegu hukua ndani ya utumbo wake na anaweza kufikia urefu wa mita kadhaa. Mara nyingi mtu huyo hahisi chochote. Lakini kila anapokwenda haja, kinyesi chake huweza kubeba maelfu ya mayai ya tegu.

Mayai hayo ndiyo yanayohatarisha ubongo. Yakimezwa kupitia mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, huanguliwa tumboni. Mabuu hupenya ukuta wa utumbo, husafiri katika damu na kutulia kwenye misuli, macho au ubongo. Kwa kifupi, nyama isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni, lakini kinyesi chenye mayai ndicho kinachompa mabuu ya ubongoni.

Kwa sababu hiyo, hata asiyekula nguruwe anaweza kuugua. Mwaka 1992, madaktari nchini Marekani waliripoti wagonjwa 4 jijini New York, wote Wayahudi wa jamii ambayo dini yao inakataza nyama ya nguruwe. Uchunguzi ulielekeza kwamba huenda waliambukizwa na watu waliofanya kazi katika nyumba zao, waliokuwa na tegu.

Hapa Kenya, tafiti zimekuta nguruwe wenye mabuu hayo katika maeneo ya magharibi kama Busia na Homa Bay. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa hutokana naye.

Dalili na matibabu

Dalili zinaweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya mtu kumeza mayai. Kubwa zaidi ni kifafa. Wengine huumwa na kichwa kwa muda mrefu, hutapika, huona kwa shida au hupoteza nguvu upande mmoja wa mwili. Daktari huthibitisha kwa picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya CT au MRI.

Matibabu hutegemea hali ya mabuu. Wengi huanzishiwa dawa za kuzuia kifafa. Baadhi hupewa albendazoli au prazikwanteli, pamoja na dawa za kupunguza uvimbe. Wachache huhitaji upasuaji. Mabuu yaliyokwisha kufa na kugeuka kama chokaa hayahitaji dawa ya minyoo.

Mgonjwa wa kifafa asijinunulie dawa za minyoo dukani kwa nia ya kujitibu. Mabuu yanapokufa kwa wingi, ubongo huvimba na hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Vilevile, asiache dawa za kifafa kwa kuwa tu hajaanguka kwa muda. Uamuzi huo ni wa daktari. Aliyewahi kuanguka amweleze mhudumu kabla ya kumeza dawa yoyote ya minyoo.

Jamaa wanaoishi naye nao wapimwe, kwa kuwa mwenye tegu anaweza kuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Mtu anapoanguka

Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Anayemkuta ameanguka aondoe vitu vigumu vilivyo karibu, amlaze kwa ubavu na kulegeza nguo za shingoni. Asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Akitetemeka kwa zaidi ya dakika 5, akimbizwe hospitalini.

Kinga

Wakazi wanashauriwa:

• Kutumia choo wakati wote, na kuhakikisha nguruwe hawawezi kukifikia.
• Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, na kabla ya kupika au kula.
• Kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kuosha vizuri mboga na matunda yanayoliwa mabichi.
• Kufuga nguruwe ndani ya zizi badala ya kuwaacha wazurure.
• Kununua nyama iliyopigwa muhuri na mkaguzi, na kuipika hadi iive kabisa. Nyama yenye vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele isiliwe.

Familia yenye mtu aliyeanza kuanguka ukubwani isimfiche. Impeleke katika kituo cha afya kilicho karibu, au imweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, ili aelekezwe kwenye hospitali yenye vipimo.