„Bio“ ya Ujerumani: Tazama Namba Kwanza

Baada ya hafla ya jumuiya mwezi uliopita, simu ziliingia mfululizo kuhusu unga wa mlonge uliouzwa pale ukiwa na kibandiko cha „Bio“ kilichochapishwa nyumbani. Walionunua wanauliza kama wametapeliwa. Muuzaji anaapa shamba la mama yake huko Tanzania halijawahi kuona mbolea ya dukani, nami namwamini. Kisheria hilo halitoshi. Hapa Umoja wa Ulaya, neno hilo haliruhusiwi kwenye chakula mpaka shamba, msindikaji na mwagizaji wawe wamekaguliwa, na kila shehena kutoka Tanzania iwe na cheti chake cha ukaguzi. Hata alama yetu ya Kilimohai haitoshi peke yake.

Dukani watu wananaswa kwingine. Jani la kijani, nembo ya kilimo hai ya Umoja wa Ulaya, kila mtu analijua; wachache wanasoma kilicho karibu nalo. Lazima pawe na namba ya shirika la ukaguzi, mfano DE-ÖKO na tarakimu tatu, kisha maelezo ya mahali mazao yalikolimwa. Pakiti yenye jani bila namba, irudishe rafuni.

Mtego mbaya zaidi ni „aus kontrolliertem Anbau“. Inasikika kama kilimo hai, lakini neno „biologisch“ halimo, na bila hilo haikuhakikishii lolote. Na nyinyi mnaotengeneza achari: limau lililoandikwa „unbehandelt“ halikupakwa dawa ya ganda baada ya kuvunwa, basi. Lilichopuliziwa likiwa mtini hamwambiwi.

Mayai ni rahisi. Achana na picha ya kuku majanini, fungua boksi usome muhuri kwenye yai lenyewe. Likianza na 0 ni la kilimo hai. 1, kuku hutoka nje. 2, wanafugwa ndani ya banda.

Inaudhi kwamba sheria inambana mama mwenye pakiti kumi za mlonge, huku maneno ya kupumbaza yakiachwa rafuni, na maelezo rasmi yakiandikwa kwa Kijerumani cha mahakamani. Hata hivyo, ndugu wauzaji, bandueni hivyo vibandiko kabla faini haijawafika. Andikeni mlonge umelimwa wapi na umekaushwa na nani. Wateja wetu watanunua.

Sokoni, muuzaji akisema mboga zake ni „Bio“, mwombe cheti, usome jina, aina ya mazao na tarehe ya mwisho. Akisema kiko nyumbani, mlipe bei ya mboga za kawaida.