SWALI LA MWAKILISHI NA JIBU LA WAZIRI

Wanachama wetu wengi hufungua redio asubuhi huku wakianika karafuu, na Baraza la Wawakilishi likiwa linakutana, maneno ya Chukwani huwafikia pale pale jamvini. Mheshimiwa mmoja husimama akauliza juu ya dawa katika kituo cha afya, wa pili juu ya maji, wa tatu juu ya wazee. Waziri hujibu, makofi hupigwa, na mtu wa jamvini humgeukia mwenziwe akasema: "Sasa hapo kimefanyika nini?" Neno hili tumeulizwa mara nyingi, na leo twataka kulieleza, maana shughuli ile ni yetu kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza ijulikane kwamba Mwakilishi anapouliza haombi hisani. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 88, inalipa Baraza uwezo wa kumwuliza Waziri swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika dhamana yake. Desturi yenyewe ni kongwe. Katika Bunge la Uingereza swali la kwanza la namna hii lililoandikwa ni la mwaka 1721, na lilimhusu mtunza fedha wa kampuni moja kubwa aliyekimbilia ng'ambo baada ya fedha za watu kupotea. (Twaona basi kwamba tangu mwanzo swali lilihusu fedha za watu.) Hapa kwetu Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926, nalo kwa muda mrefu wajumbe wake wote walikuwa wa kuteuliwa, uchaguzi wa kwanza ulifanywa mwaka 1957. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 visiwa vyetu vilikaa bila ya baraza la namna hiyo mpaka lilipoanzishwa Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Katika miaka ile 16 mwenye shida alimwendea ofisa au kiongozi, na jibu alilopewa lilibaki baina ya watu wawili. Siku hizi jibu husemwa mbele ya watu, huandikwa katika taarifa rasmi za Baraza, na likishaandikwa halifutiki.

Basi swali huendaje? Mwakilishi huliandika na kulipeleka kwa Katibu wa Baraza kabla ya siku yake. Hutazamwa kama ni swali kweli au ni hotuba iliyovaa nguo ya swali, kama halimtukani mtu, na kama jambo lenyewe haliko mahakamani. Hupewa namba, kisha hupelekwa Wizarani. Na hapa ndipo ilipo kazi kubwa ambayo sisi wa jamvini hatuisikii. Waziri hawezi kusimama akajibu bila ya kuwa na khabari, kwa hiyo Wizara humwandikia Afisa Mdhamini wake wa Pemba, naye humtafuta ofisa wa wilaya, na ofisa huyo humwendea sheha kumwuliza hali ilivyo. Jambo lililolala katika faili miezi mingi huamshwa kwa siku chache. Hutokea hata likatengenezwa kabla jibu halijasomwa, ili Waziri apate kusema kwamba limekwisha kutengenezwa. Wako wanaolicheka jambo hilo. Sisi hatulicheki, kwani mgonjwa akipata dawa yake hana haja ya kujua ni nani aliyeona haya.

Jibu likisomwa, Mwakilishi huweza kuomba kwa Spika nafasi ya swali la nyongeza. Swali la kwanza Waziri amelijua mapema na jibu lake ameandikiwa. La nyongeza humkuta amesimama peke yake. Mwakilishi asiyekuwa na khabari za kutosha hutumia nafasi hiyo kushukuru.

Jambo moja huwapoteza wanachama wetu. Mwakilishi na Mbunge si mmoja. Mbunge huenda Dodoma, na mambo yake kwetu ni yale ya Muungano, kama polisi, uhamiaji, sarafu na elimu ya juu. Afya, skuli za watoto, maji, kilimo, na ustawi wa wazee na watoto ni mambo ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Mawaziri wake hujibu Chukwani. Ukimpelekea Mbunge shida ya mfereji uliokauka, ataipokea kwa heshima, lakini hana Waziri wa kumwuliza.

Sasa tuchukue jambo moja tulitazame vizuri, nalo ni Pensheni Jamii. Mtu aliyeajiriwa huwekewa akiba yake katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii ulioanzishwa mwaka 1998. Mchumaji wa karafuu hana mwajiri wa kumkatia. Amepanda mikarafuu tangu ujana, msimu mmoja kwa fulani na msimu wa pili kwa mwengine, na nguvu zikimwishia hubakiwa na watoto wake na rehema ya Mungu. Kwa hiyo Serikali ilipoanza, Aprili 2016, kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumwuliza alichangia nini, lilikuwa jambo kubwa kwa watu wetu kuliko kwa watu wa maofisini. Fedha zilikuwa kidogo. Karafuu za daraja la kwanza zilipokuwa zikinunuliwa kwa shilingi 14,000 kilo moja, pensheni ya mwezi haikufika thamani ya kilo mbili. Baadaye ilipandishwa hadi shilingi 50,000.

Lakini ili mzee alipwe lazima ajulikane kuwa ametimiza umri, na umri hutazamwa kwa karatasi. Wazee wetu wengi hawakuandikishwa walipozaliwa. Mmoja atakwambia alikuwa akinyonya wakati wa Vita vya Ng'ombe kule Unguja, yaani mwaka 1951, basi alitimiza miaka 70 mwaka 2021. Ikiwa siku ya kuandikwa kitambulisho karani alimkadiria kwa macho akamwandikia mwaka 1958, mzee huyo atangoja mpaka mwaka 2028. Miaka saba ya shilingi 50,000 kila mwezi ni shilingi 4,200,000. Hiyo ndiyo bei ya kalamu iliyokwenda kombo, na mzee wa miaka 70 hana yakini ya kuifikia hiyo miaka saba.

Tuseme basi Mwakilishi amesimama akauliza hivi: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wazee?" Jibu tunaliweza sisi wenyewe hapa jamvini. Waziri atasema Serikali inawathamini sana wazee, atataja mwaka ilipoanza pensheni, na atamwomba Mheshimiwa awe na subira. Hakusema uongo hata kidogo, na hakuna mzee hata mmoja aliyefaidika. Lakini swali likiandikwa namna hii, mambo hubadilika:

"Kwa kuwa wapo wazee ambao mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa katika vitambulisho vyao si wa kweli: (a) Je, ni wazee wangapi wa shehia hii walioomba Pensheni Jamii wakakataliwa kwa sababu ya umri, na katika miaka gani? (b) Je, mzee asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa huthibitisha umri wake kwa njia gani, na ni nani mwenye kukata shauri? (c) Je, akithibitika kuwa alikuwa na haki, atalipwa tangu lini?"

Hapo Waziri hana budi kutaja idadi, kutaja njia na kutaja siku. Kifungu (c) ndicho chenye uzito, maana ni fedha, na Wizara itajibu kwa tahadhari. Mwanachama asikilize maneno kwa makini. "Wizara inalifahamu tatizo hilo" si ahadi. "Kwa kadiri fedha zitakapopatikana" ni ahadi isiyo na siku. "Katika mwaka huu wa fedha" ni ahadi yenye siku, na inafaa kuandikwa pembeni ya kalenda, ili Mwakilishi airudie wakati wa bajeti Wizara inapokuja kuomba fedha nyingine. Wakati huo Waziri ndiye mwombaji, na ahadi ya zamani ikisomwa kwa maneno yake mwenyewe huwa na nguvu kuliko kelele.

Zipo shida nyingine zinazotaka kuulizwa vivyo hivyo. Wachumaji walioanguka mikarafuuni hupata msaada kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, uliowekwa na sheria ya mwaka 2014, na tungependa kujua kwa idadi ni wangapi walioomba, wangapi waliopewa, na baada ya muda gani. Kwani aliyevunjika kiuno mwezi wa Oktoba hula kila siku kuanzia siku hiyo hiyo. Liko pia la vituo vya afya wakati wa mavuno, watu wanapohamia dago na watoto wao huku kituo cha huko kikiwa na dawa za watu wachache.

Lakini Mwakilishi hawezi kuyajua haya kwa ndoto. Pemba ina majimbo 18, na kila jimbo lina shehia zake na shida zake. Tumeona wenzetu wakimngojea Mheshimiwa barabarani, wakamzunguka na kumlalamikia watu ishirini kwa pamoja, naye akaondoka na kelele masikioni bila ya jina hata moja mfukoni. Karatasi moja iliyoandikwa vizuri ingemfaa zaidi.

Kwa hiyo Chama kimeanza na wazee. Mwanachama mwenye mzee nyumbani aliyekataliwa pensheni kwa sababu ya umri amletee karani wa tawi lake jina la mzee, shehia, mwaka ulioandikwa katika kitambulisho, mwaka anaousema mwenyewe, na jina la mtu mzima anayemjua tangu utotoni. Asiyejua kuandika aje aseme, karani ataandika. Majina hayatachapishwa katika gazeti hili. Yatakwenda kwa Waheshimiwa wa majimbo yanayohusika, kila mmoja na ya watu wake, kabla ya mkutano ujao wa Baraza. Makarani wanaombwa wasipokee karatasi isiyokuwa na shehia.